Nusu ya Gurudumu

Gus Hrabovsky aligoma kushuka.

Alikanyaga vidato viwili vya mwanzo, akashika ukuta, akabaki hapohapo: mzee wa miraba minne, koti la jiji mwilini, jina lake limeshonwa kifuani, macho ameyakaza kwenye giza la chumba cha chini kama mtu anayechungulia kisima alichotumbukia mtoto.

"Siwezi, Bi Pettiford," alisema. "Niulize hapahapa. Nitajibu yote."

Odessa Pettiford alikuwa chini tayari. Aliwasha tochi. Kuta za mawe zilikuwa zinatoa jasho la baridi, na katikati ya sakafu palibaki alama ya mraba iliyo safi kuliko pengine pote. Hapo ndipo tanuri la kupashia nyumba joto lilipokuwa limesimama kabla watu wa zimamoto hawajalichukua kwa uchunguzi. Juu ya mraba ule bomba la moshi lilining'inia likiwa limekatika, halina pa kwenda.

"Aliyekufa hakufia huku chini, Bwana Hrabovsky. Alifia juu, kwenye kiti chake. Umekwishapita mbele ya kiti hicho."

"Najua alikofia. Nilikuwa namfahamu Amos."

Amos Leavell alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule. Jirani ndiye aliyemkuta, runinga inasema peke yake, kahawa imepoa kikombeni, naye amekaa wima kama anayesubiri hadithi iishe. Daktari wa jiji alisema ni hewa ya sumu, ile isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto wa gesi usiopumua vizuri. Na hilo ndilo lililomleta Odessa, mchunguzi wa ruzuku, kutoka ofisi ya serikali kuu hadi Calder Forks, jiji dogo la Ohio ambalo viwanda vyake vilifungwa zamani. Maana tanuri la Amos lilitakiwa kuwa jipya kabisa. Kila mwaka Washington iliipa Calder Forks ruzuku ya kutengenezea nyumba za wenye kipato kidogo na kuinua mitaa yao, na kitongoji cha Tannery kilikuwa kimepata vijia vipya vya saruji, taa mpya za barabarani, mapaa, madirisha, na matanuri. Mkandarasi alikuwa mmoja, Dale Stroup. Mkaguzi wa jiji alikuwa mmoja pia, naye ndiye huyu aliyeganda kwenye ngazi.

Odessa aliinua simu yake ili Gus aione picha.

"Hili ndilo walilolitoa humu. Nje limevalishwa bati jipya. Ndani ni chuma cha tangu babu yangu yu hai, na kimepasuka. Wewe ukasaini kwamba ni jipya."

"Silo nililolikagua."

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningesema hivyo."

"Nililiona jipya!" Sauti ya Gus ilipanda, kisha ikashuka ghafla, kana kwamba alikumbuka kwamba nyumba ina marehemu. "Nililigonga kwa vidole. Nikaliwasha, nikasubiri, nikaweka mkono kwenye tundu la hewa ya moto. Mimi si mwizi, mama. Ukiniita mwizi, nakataa. Ukiniita mjinga, sawa. Mjinga nakubali."

"Stroup alikupa nini?"

"Krismasi alinipa soseji."

"Soseji."

"Za kuvutwa moshi. Mke wangu akampa mbwa, alisema zina mafuta."

Odessa alimmulika usoni kwa tochi. Katika kazi yake alikwisha kuwasikia watu wengi wakidanganya, lakini wengi wao huchagua uongo wenye hadhi zaidi ya soseji. Aligeuka, akamulika bomba tena. Ndipo alipoiona. Kwenye ukingo wa bomba, pale lilipokatikia, kulikuwa na rangi nyeupe: nusu duara, na kijiti kimoja katikati.

"Hii nini?"

"Ipi?"

"Shuka uione."

"Ni nini, kwani?"

"Rangi nyeupe. Kama jua linalozama."

Gus alishuka. Alishuka upesi, akiwa amesahau kuogopa, akasimama chini ya bomba akapapasa ile alama kwa kidole gumba. Odessa aliuona uso wake ukibadilika rangi katika mwanga wa tochi.

"Hii ni yangu," alisema polepole. "Ni gurudumu langu. Naliweka kwenye kila kazi ninayoipitisha, kwa kalamu ya rangi ya wachomeleaji ambayo haitoki hata kwa moto. Duara, na msalaba ndani. Baba yangu alifanya hivyo kwenye mabomba ya kiwanda cha chuma."

"Mbona ni nusu?"

"Kwa sababu naliweka juu ya kiungo. Nusu kwenye bomba la juu, nusu kwenye kipande cha chini kilichofungwa kwenye tanuri. Mtu akifungua kiungo akarudisha kingine, nusu hizo hazikutani tena. Unajua palepale kwamba pameguswa."

"Ujanja mzuri."

"Ni wa baba yangu."

"Na uliwahi kurudi kwenye nyumba yoyote kuangalia kama nusu zimekutana?"

Gus aliondoa kidole gumba kwenye bomba.

"Jiji hulipia safari moja tu ya ukaguzi," alisema. "Nikipitisha, mkandarasi analipwa, napewa nyumba nyingine. Hakuna safari ya pili. Haijawahi kuwapo."

Nje gari lilipita, na mwanga wake ukatambaa kwenye kidirisha kidogo cha juu. Wote wawili waliinua vichwa. Lilikwenda zake.

"Niambie zaidi kuhusu tanuri uliloliona," Odessa alisema. "Kila unachokumbuka."

"La kijivu. Fupi. Lilikuwa limebonyea pembeni, huku kushoto, karibu na kifuniko."

"Jipya, na limebonyea?"

"Kubonyea hakuui mtu. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba. Na vijana wa Stroup mikono yao mizito, yote hubonyea."

"Yote?"

"Karibu yote."

"Yalibonyea wapi?"

"Si nimekwambia, huku ku..."

Neno lilimfia Gus mdomoni. Aliutazama mkono wake wa kushoto, ule alioutumia kuonyesha, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha alikaa chini kwenye kidato cha mwisho bila kuangalia kama pana vumbi.

"Lilikuwa hilohilo," alisema. "Ee Mungu wangu. Mwaka mzima nimekuwa nakagua tanuri moja."

Odessa aliendelea kuunganisha kwa sauti, taratibu, ili asikie mwenyewe kama pana mahali panapovuja. Kabla mafundi hawajakwangua rangi ya zamani yenye sumu ya madini ya risasi, wenye nyumba hupelekwa moteli. Kwa hiyo nyumba hubaki tupu. Stroup analiingiza tanuri jipya, anaunganisha kipande cha bomba, anamwita Gus. Gus anachora gurudumu lake, anasaini, anaondoka. Usiku huo au kesho yake jipya linatolewa, la zamani linarudishwa likiwa limevalishwa bati, na pengo la bomba linafungwa kwa utepe wa gundi wa rangi ya fedha. Mwenye nyumba anarudi, anakuta ukuta umepakwa rangi na dirisha linang'aa. Nani ashuke kulichungulia tanuri?

"Na utepe ukipata joto la majira yote ya baridi," Gus alimalizia, "gundi inakufa. Unabanduka."

"Baada ya hapa kwa Amos, tanuri lilikwenda wapi?"

"Nyumba iliyofuata. Na iliyofuata hiyo."

"Ya mwisho ni ipi?"

"Bi Verlene Tubbs. Mtaa wa nyuma. Nilimkagulia wiki iliyopita, na juzi amerudi kutoka moteli, yeye na dada yake." Alimtazama Odessa, na hofu aliyoiacha juu ya ngazi ikawa imemrudia yote. "Amerudi juzi, Bi Pettiford. Kwa hiyo sasa hivi analala na la zamani."

Odessa alipiga simu ya Bi Verlene. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena huku wakipanda ngazi mbilimbili. Iliita mpaka ikakatika.

*

Zimamoto walisema gari lao liko kwenye moto ng'ambo ya mto, litakuja likimaliza, au jingine likipatikana. Odessa aliendesha kwa mkono mmoja juu ya theluji iliyokanyagwa ikawa kioo. Jua lilikuwa bado lipo lakini halikuwa na kazi, la rangi ya maji ya mchele.

"Ana king'ora," Gus alikuwa akisema, akijisemea. "Cha hewa ya sumu. Nilihakikisha kimefungwa ukutani. Kikilia atatoka. Mtu yeyote angetoka. Wewe usingetoka?"

Odessa hakujibu. Alikuwa ameona pikapu ya buluu kwenye kichochoro nyuma ya nyumba ya Bi Verlene, na juu yake kitu cha mraba kimefunikwa turubai. Alilileta gari lake mpaka kwenye mdomo wa kichochoro, akalizima hapohapo, likiwa limeziba njia.

Walipanda kibaraza cha mbele. Kabla Odessa hajagonga, mlango ulifunguliwa na Dale Stroup akatokea, akajaza nafasi yote ya mlango. Alikuwa mtu wa kupendeza. Ndilo jambo ambalo kila mtu wa Tannery alimwambia Odessa kumhusu: Dale anakumbuka jina la paka wako.

"Gus, kaka yangu!" alisema. "Na huyu ndiye yule dada wa Washington? Karibuni, ila mmekuja wakati mbaya. Akina mama wamejilaza. Mafua yamewashika wote wawili."

"Mafua gani?" Odessa aliuliza.

"Haya yanayozunguka. Kichwa, kutapika, kusinzia. Bi Ernestine hajashuka tangu asubuhi."

Harufu ilitoka nyuma yake, nzuri, ya majani ya sukuma yanayochemka na nyama ya nguruwe. Ndiyo harufu pekee iliyotoka. Odessa alimsogelea.

"Sogea, Bwana Stroup."

"Una kibali? Maana hii ni nyumba ya mtu, si ofisi." Hakupandisha sauti. Alimgeukia Gus na tabasamu lake likapoa kidogo tu. "Mwambie, Gus. Mwambie mikono iliyosaini nyumba zote hizi ni ya nani. Yangu haimo hata moja. Wakianza kufukua, watafukua kwako kwanza. Umebakiza muda gani ustaafu?"

Gus alitazama viatu vyake.

"Dale?" Sauti ya mwanamke ilitoka sebuleni, nzito, ya mtu anayejikokota. "Nani huyo? Waambie sitaki wageni."

Bi Verlene Tubbs alikuja akishika ukuta, gauni la nyumbani kifungo kimoja kimekosewa, mvi zake kwenye kitambaa cha hariri. Alipoliona koti la Gus alisimama.

"Si yule wa jiji! Amekuja na karatasi nyekundu ya kufungia nyumba? Dale, ulisema hawatakuja!"

"Hawaji, mama. Wanaondoka."

"Bi Verlene," Odessa alisema juu ya bega la Stroup, "king'ora chako kililia?"

"Kililia tangu jana. Ila kimeharibika. Dale amekuja kukitoa, betri yake imekufa."

Na hapo, kana kwamba kimeitwa kwa jina lake, king'ora kililia.

Kililia mfukoni mwa koti la Stroup. Milio minne mikali, kimya, milio minne. Alikuwa amekibonyeza kikanyamaza, lakini vifaa hivyo hunyamaza kwa muda tu, na mlango uliokuwa wazi mgongoni mwake ulikuwa unaimimina hewa ya nyumba nzima juu yake. Stroup alitia mkono mfukoni, akapapasa, akapapasa tena, tabasamu bado limebandikwa usoni kama kitu alichosahau kukivua. Milio minne.

"Dale," Bi Verlene alisema. "Ulisema imekufa."

Odessa alimpiga kikumbo akapita. Stroup hakumzuia. Aliruka ngazi za kibaraza, akazunguka nyumba kukimbilia kichochoroni, na mfuko wake ukawa unalia kila alipokwenda.

"Gus! Zima gesi! Mita iko nje!"

Gus alikuwa amekwisha kuondoka, spana ya mabomba mkononi.

Odessa alimshika Bi Verlene kiwiko amtoe nje, lakini mwanamke yule alishikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, na kwa mtu aliyekuwa anayumba alikuwa na nguvu za ajabu.

"Hapana. Sitoki. Nikitoka mtabandika karatasi nyekundu. Mmebandika kwa jirani yangu Purvis, alirudi hapa? Nilipopewa ruzuku nilisaini kwamba nitaishi humu miaka yote waliyosema, nisipoishi wanaichukua. Mama yangu alikufa kwenye chumba kile pale. Sitoki, mwanangu, niache."

Ilikuwa rahisi kumdanganya. Odessa alikuwa na sentensi hiyo tayari ulimini, nyepesi, ya kuokoa muda.

"Watabandika," alisema. "Leo hii. Sitakuficha. Na Gus ndiye atakayeibandika. Lakini karatasi hubanduliwa, Bi Verlene. Mimi mwenyewe nitasimama pale mpaka ibanduliwe. Amos Leavell naye alikaa ndani. Alikaa kwenye kiti chake. Dada yako yuko chumba gani?"

Mikono kwenye fremu ililegea.

"Amos aliumwa kichwa?" Bi Verlene aliuliza. "Kabla?"

"Jirani anasema ilikuwa siku mbili. Alidhani ni mafua."

"Juu," alisema Bi Verlene, na sauti yake ikapasuka. "Mlango wa buluu. Ernestine! Ernestine, amka!"

Odessa alivuta pumzi ya nje mpaka kifua kikauma, akapanda mbio. Nyuma ya nyumba alisikia pikapu ikiwaka. Alijua kilicho chini ya turubai lile: tanuri jipya lililozungushwa nyumba zote. Alijua pia kwamba kama kingefika mtoni kikazamishwa, kesi yote ingebaki ni neno la Gus dhidi ya sahihi ya Gus. Alisimama kitambo kwenye kituo cha katikati ya ngazi, mkono kwenye kitasa cha dirisha lililotazama kichochoro. Kisha alilifungua dirisha hilo lote ili hewa iingie, akaendelea kupanda.

Ernestine alikuwa amelala chali, mwili mkubwa, mdomo wazi, tapishi kavu kwenye mto. Odessa alimwita, akampiga makofi mashavuni. Jicho moja lilifunguka likaelea. Alimvuta kwa makwapa mpaka sakafuni, akaanza kumburura. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kugonga, mapigo mazito nyuma ya macho. Kwenye ngazi alikosa hatua, wakateleza pamoja vidato kadhaa, na kule chini kichochoroni bati likagongana na bati kwa kishindo. Injini ilinguruma. Kishindo tena. Gari lake. Stroup alikuwa analigonga apite.

"Nimeshika miguu," sauti ilisema. Gus alikuwa amesimama chini yake kwenye ngazi, skafu imemziba pua kana kwamba ingesaidia lolote. "Vuta wewe juu, mimi nashika miguu. Gesi nimefunga. Moja, mbili..."

"Stroup..."

"Amekwama. Twende, mama, twende!"

Walimtoa Ernestine kwenye theluji ya uwanja wa mbele. Bi Verlene alipiga magoti kando yake bila viatu, akamshika uso.

"Pumua, dada. Pumua mshenzi wewe, usiniachie nyumba hii peke yangu."

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha Ernestine alikohoa, akajikunja kando, akatapika kwenye kijia kipya cha saruji, na alipomaliza akasema kwa sauti ya chura, "Nani amenivua soksi?"

Bi Verlene aliangua kilio.

*

Zimamoto walikuja, ambulensi ikaja, polisi wakaja. Stroup alikutwa ndani ya pikapu yake, pua ya gari imejibana kati ya ukuta na mlango wa gari la Odessa, mikono juu ya usukani. King'ora kilikuwa kimenyamaza. Alimwambia polisi kwamba anamsubiri wakili wake, na kwamba akina mama wale ni kama mama zake.

Gus alipanda juu ya pikapu akavuta turubai. Tanuri lilikuwa la kijivu na fupi. Pembeni kushoto, karibu na kifuniko, lilikuwa limebonyea, na juu yake kilisimama kipande cha bomba ambacho mafundi hawakupata muda wa kukibandua. Kwenye ukingo wake palikuwa na nusu duara nyeupe, tumbo chini.

Gus alitoa bisibisi mfukoni. Alikifungua kile kipande, akakikumbatia ndani ya koti lake, na zimamoto walipokwisha kuipepea nyumba na kipimo chao kikakubali, yeye na Odessa walishuka na mmoja wao kwenye chumba cha chini. Safari hii Gus alitangulia. Utepe wa fedha ulikuwa umebanduka upande mmoja, unaning'inia kama ulimi. Gus aliutoa, akalivuta pembeni lile bati la bandia, akakiinua kipande chake taratibu mpaka kikagusa bomba la juu, akakizungusha kidogo.

Gurudumu lilifunga.

"Piga picha," alisema Gus, "mikono yangu inachoka." Odessa alipiga picha nyingi, za karibu na za mbali.

Walipotoka nje, Gus alichukua karatasi nyekundu kutoka kwenye gari la jiji, akaibandika kwenye mlango wa Bi Verlene. Aliinyoosha kwa kiganja kutoka juu hadi chini kama mtu anayemfunga jeraha mgonjwa. Bi Verlene alimtazama kutoka mlango wa nyuma wa ambulensi, blanketi mabegani, barakoa ya hewa usoni.

"Nani atarudi kuiangalia?" aliuliza chini ya barakoa.

"Mimi," alisema Gus.

"Hukurudi mara ya kwanza."

"Ndiyo, mama. Sikurudi."

Zilibaki nyumba nyingine zote za Tannery ambamo lile tanuri moja lilikuwa limepita. Odessa na zimamoto walianza na ya jirani, ya Orlean Gaither. Taa ilikuwa inawaka sebuleni. Bomba la moshi juu ya paa lilikuwa linatoa mvuke mwembamba. Odessa aligonga. Akasema yeye ni nani. Pazia lilisogea, jicho likachungulia: sare za zimamoto, koti la jiji, karatasi nyekundu iliyobandikwa mlango wa nyumba ya pili. Pazia likarudi. Kufuli ikazungushwa mara ya pili kutoka ndani.

"Bibi Gaither! Uko hatarini! Tafadhali fungua!"

Taa ya sebuleni ilizimwa.

Zimamoto mmoja aliinua shoka, akamtazama Odessa. Mtaa mzima ulikuwa na mapazia ya namna hiyo, na nyuma ya kila pazia mtu aliyejifungia na kitu asichokiona. Kuvunja mlango mmoja kungewafanya wengine waburute makochi wazibie milango yao. Odessa alikuwa bado hajatamka neno aliposikia theluji ikikanyagwa nyuma yake.

Bi Verlene alikuwa anakuja, amevua barakoa, blanketi linaburuta, miguuni amevaa viatu vya mhudumu wa ambulensi ambavyo vilikuwa vikubwa mno. Muuguzi alikuwa anamfuata akimsihi arudi. Hakumsikiliza. Alipanda kibaraza cha Orlean Gaither, akamsogeza Odessa kando kwa kiwiko, akagonga kwa kiganja wazi.

"Orlean! Ni mimi, Verlene. Usijifanye umelala, nimekuona unazima taa. Kichwa kinakuuma?"

Ndani hatua zilisogea. Kisha, kutoka nyuma ya mlango, sauti ndogo sana:

"Tangu jana."

"Na mimi pia. Ernestine nusura afe. Siyo mafua, Orlean. Mimi tayari wamenibandikia, unaiona? Na bado nimesimama hapa nakutukana. Fungua mlango."

Kufuli ilizungushwa mara moja. Ikakaa.

Ikazungushwa mara ya pili.